Siku Niliyokwama Ndani ya Mti Mbele ya Mama Mkwe

Hii habari mimi siipendi hata kidogo, lakini kwa vile hapa Kasese kila mtu anaisimulia anavyotaka, afadhali mniachie mwenyewe niiseme ilivyokuwa.

Mama yake Bwambale, mchumba wangu, alikuja kutoka Bwera kunitazama kwa mara ya kwanza, na mimi badala ya kumkalisha nyumbani na chai kama watu wenye akili nikaona mimi na Bwambale tumpeleke kwenye kile kimsitu cha hifadhi pembeni mwa mji, chenye miti mizee kuliko mji wenyewe, halafu nikavaa gomesi (ndiyo, gomesi, lile gauni refu la sherehe, msituni, na mkanda wake mpana kiunoni) ili nionekane binti wa heshima.

Tulipofika kwenye mti mkubwa kuliko yote, wenye uwazi chini kama kimlango, mlinzi wa hifadhi akatuambia, "Humo wanaingia watoto tu."

Mama akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akacheka kidogo. "Batoto ba muji banaogopa pori."

Mimi, kuogopa? Nikampa Bwambale simu anipige picha, nikaingia kinyumenyume ili sura itokee vizuri, nikajisukuma, nikajisukuma tena, nikatabasamu, picha ikapigwa, nikataka kutoka, makalio yakakataa.

Bwambale akavuta mkono mmoja, mlinzi akavuta mwingine, wapi! Nikasema basi wakate kidogo tu pale ukingoni. Mlinzi akashtuka kama nimemtukania babu yake.

"Mti huu haukatwi, madamu. Wewe ndiyo utapungua."

Wakati huo watu wa matembezi ya Jumapili wameshajaa, watoto wa kambi ya polisi wako mbele kabisa (mmoja anatafuna mahindi huku ananikodolea kama televisheni), na baba wa mmoja wao, afande mwenye sauti ya gwaride, akachukua uongozi bila kuombwa: "Wewe! Toa pumzi yote! Usipumue! Vuta!" Nikatoa pumzi, wakavuta, nikasikia kitu kinachanika, nikachomoka kama kizibo cha soda, nusu ya chini ya gomesi ikabaki ndani ya mti na mimi niko nje na shimizi.



"Nyuma geuka!" afande akaamuru, na kweli umati wote ukageuka, hata mlinzi, hata Bwambale wangu.

Mama akafungua kitenge chake cha juu, akanifunga bila kunitazama usoni. Nikajua ni hasira, ndoa imekwisha. Kumbe alikuwa anabana kicheko! Akakaa chini kwenye mizizi, machozi yanamtoka.

"Bwambale, huyu mutoto usimuache. Nyumba yenye yeye iko, huzuni itapita mbali."

Tumeoana, na mama yule nampenda sana, lakini naapa mbele yenu: sitajaribu tena kumpendeza mtu kwa kuingia mahali ambapo mwili wangu haukualikwa.