Siku Niliyowaita Nguruwe Wageni

Hili jambo nimekataa kulisimulia kwa muda mrefu, na mkiniona nacheka sasa msidhani limeniisha, ni vile tu nimechoka kusikia watu wakilisimulia vibaya, wengine wanasema nilikamatwa (sikukamatwa, niliombwa niingie ndani ya gari), wengine wanasema nililia mbele ya chifu (hapo sina la kusema). Basi afadhali mlipate kwa mwenyewe, aibu yote ni yangu.

Mimi naitwa Kazungu, nalima nyuma ya Minjila, upande wa mto, mahindi na kunde kidogo. Msimu ule mahindi yalikuwa yamekubali hasa, yamebeba mawili mawili, na ndipo nguruwe mwitu walipoingia. Mtu ambaye hajawahi kulima karibu na matete hamjui nguruwe mwitu. Huyu hali hindi moja akashiba akaenda zake, hapana, anaangusha bua zima, anauma mara moja, anaacha, anakwenda kwa jingine, kama mtu anayeonja maembe sokoni na hana nia ya kununua. Siku moja tukaamka tukakuta mistari minane imelala chini. Mke wangu Kadzo alisimama pale, akaokota hindi lililotafunwa nusu, akalitazama, halafu akanitazama mimi. Afadhali angenitukana.

Kwa hivyo tukakubaliana, mimi na majirani kumi wa mashamba yale, kwamba tutawawinda. Na kazi ya kupanga safari nikaichukua mimi (hakuna aliyenichagua, na kitu kikubwa nilichowahi kukamata maishani ni sungura, tena aligongwa na bodaboda nikamwokota). Lakini nilipanga jamani! Nilichora mchangani kwa kijiti: mbwa huku, watu wa mikuki kule, wa kupiga madebe upande wa mto, tuwazingire wakiwa wamejilaza baada ya kushiba. Ilibaki kuwaambia wenzangu siku na saa.

Ilikuwa Jumatano, saa nane mchana, nimekaa kwenye benchi la kibanda cha kuchaji simu pale njia panda ya Minjila. Simu ilikuwa na asilimia nne. Nikasema nitume ujumbe wa sauti haraka kwa grupu letu la wakulima, halafu nimpe mwenye kibanda aichaji. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniponza: nikajiambia nisitaje neno nguruwe. Kibali cha kuwinda hatukuwa nacho, na ujumbe wa sauti hujui utafika wapi, unaweza kuzunguka mpaka ukaingia kwa watu wa wanyamapori, tukaanza kuulizwa maswali. Basi nikawaita wageni. Nilijiona mjanja kweli.

Nikakohoa, nikatia sauti ya kamanda, nikasema hivi, na nayakumbuka yote kwa sababu baadaye nililazimishwa kuyasikiliza mara nne:

"Jamani, tumevumilia vya kutosha. Hawa wageni wetu wamezidi. Wanamaliza mahindi yetu, halafu wanalala kwenye matete kama kwao. Kesho saa kumi na moja alfajiri kila nyumba itoe mwanamume mmoja, aje na panga au mkuki. Tunawazingira wakiwa wamelala. Na nisisikie mtu anaonea huruma watoto, maana hao watoto ndio watakaokua waje watusumbue mwaka ujao."

Nikatuma. Simu ikazima. Nikampa mwenye kibanda, nikaenda zangu.

Sasa niwaeleze. Mimi nilikuwa kwenye grupu mbili. Moja ni hiyo ya wakulima. Nyingine ni ya amani, ina chifu, wazee, wafugaji Waorma na sisi wakulima, iliundwa kwa sababu huku kwetu kuna miaka ambayo watu hawapendi kuitaja, miaka ya wakulima na wafugaji kuchomeana nyumba na watu kukimbia. Aliyeniingiza humo ni Barisa, mfugaji, rafiki yangu, ambaye nikishavuna ng'ombe wake huja kula mabua kwangu nami napata samadi, na watoto wangu wamekua kwa maziwa yake. Grupu zote mbili zina picha ya mto (huku kwetu kila anayepata simu yenye kamera huanza na mto), na siku hiyo mtu alikuwa amepotelewa na ndama, wanaulizana humo tangu asubuhi, kwa hivyo grupu ya amani ndiyo iliyokuwa juu kabisa.

Nadhani mmeshaelewa. Mimi nilikuwa bado sijaelewa.

Kutoka pale nikaenda kwa fundi wa kunoa. Nilikuwa nimekusanya mapanga saba ya majirani na mikuki mitatu, nimeyafunga kwenye gunia nyuma ya baiskeli, niwarudishie jioni. Fundi akaanza kunoa, cheche zinaruka, akaniuliza kwa utani, "Kazungu, unakwenda vitani?" Nami nikamjibu kwa sauti, watu wamejaa pale wananisikia, "Kesho utasikia habari!"

Nikaona mama mmoja muuza maziwa anaangalia simu yake, anamnong'oneza mwenzake, halafu wote wawili wakajitwika vibuyu vyao wakaondoka, na maziwa hayajaisha. Mwenye duka la mkabala akateremsha mlango wa bati. Nikadhani ni mvua inakuja, nikatazama juu, hakuna hata wingu. Kijana wa bodaboda niliyemsalimia aliniambia, "Buda, mimi sitaki stori na wewe," akawasha pikipiki akapotea. Nami nikapanda baiskeli na mapanga yangu yanayong'aa, nikajisemea moyoni, leo watu wananiheshimu.

Njia ya kwangu inapita kwa Barisa. Nikapiga hodi, nilitaka kumwambia kesho azuie ng'ombe wake wasikaribie matete. Kimya. Moto wa jikoni ulikuwa unatoa moshi, sufuria ya chai iko juu yake, vikombe vimepangwa, na mtu hakuna. Kiatu kimoja cha mtoto kilikuwa katikati ya uwanja. Kile kiatu ndicho kilichonishtua. Sikujua kwa nini.

Hapo ndipo gari la polisi lilipokuja, linarusha vumbi. Wakashuka askari wawili, akashuka chifu, na nyuma akabaki ameketi Barisa, ananitazama kama mtu asiyenijua.

Chifu akatazama gunia langu. Askari mmoja akalifungua, mapanga yakamwagika chini yakilia.

"Kazungu," chifu akasema taratibu, "wageni ni nani?"

"Wageni gani chifu?"

Akatoa simu yake akabonyeza. Jamani, kuisikia sauti yako mwenyewe si jambo zuri hata ukiwa umeimba kanisani, sasa sikieni niliyosikia mimi nikiwa nimesimama kwenye uwanja wa rafiki yangu, nyumba yake tupu. Ilipofika pale pa watoto nikakaa chini.

"Nguruwe," nikasema. "Ni nguruwe, chifu. Nguruwe mwitu."

"Sasa unawaita nguruwe?" askari akafoka.

"Hapana! Ni nguruwe wenyewe! Nguruwe mnyama! Wana mikia!"

(Ndiyo, hapo ndipo machozi yalipotoka.)

Wakaniingiza garini mpaka shambani kwangu, tukaingia wote kwenye mahindi, mimi mbele naonyesha nyayo na mabua yaliyolala, huku Kadzo amesimama mlangoni ameshika kichwa. Askari akainama, akasema nyayo hizi zinaweza kuwa za mbuzi. Nikawaambia tusogee kwenye matete waone walipolala. Hatukuwa tumefika, matete yakatikisika, akatoka nguruwe jike mkubwa, mweusi, na wadogo wake watano nyuma, wanakuja moja kwa moja. Na mimi, mpangaji wa safari, kamanda wa mikuki, nilikuwa wa kwanza kukimbia, nikamrukia chifu nikamkumbatia kiunoni, tukaanguka wote kwenye kunde. Askari walicheka mpaka mmoja akakaa. Hata chifu, akijipangusa udongo, alishindwa kujizuia.

Barisa hakucheka.

Chifu akaniamuru nirekodi ujumbe mwingine palepale, kwa simu yake, niseme wazi. Nikasema, "Mimi Kazungu, nilikuwa nasema nguruwe." Akasema upepo umeharibu, rudia. "Nilikuwa nasema nguruwe, mnyama, wa miguu minne." Mara ya tatu ikatumwa, na mtu wa kwanza akajibu kwenye grupu, "Mungu akusamehe." Mapanga yakabaki kwa chifu, na safari ya kuwinda ikaishia hapo. Tukaandika barua ya kuomba watu wa wanyamapori waje, jambo ambalo tungeweza kulifanya tangu mwanzo.

Nilimwambia Barisa, "Ndugu yangu, wewe unanijua."

Akasema, "Ndiyo maana niliamini haraka. Nilisema, kama ni Kazungu anasema hivi, basi wote wamekubaliana."

Sijawahi kuambiwa neno zito kama hilo, na hakulisema kwa hasira.

Familia yake ilikuwa imekimbilia Garsen kwa jamaa, mkewe na watoto kwa miguu, mama yake mzee amebebwa kwa pikipiki. Nikaomba niende naye kuwarudisha. Tuliwakuta nyuma ya soko, wamekaa kwenye mkeka wa watu, kitoto kimoja kina kiatu mguu mmoja. Nilipiga magoti mbele ya yule mama mzee, nikaanza kueleza habari za nguruwe, nikachanganyikiwa, nikaanza upya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimekimbia mara tatu maishani. Mara mbili za kwanza nilipogeuka nyuma niliona moshi. Leo nimegeuka sikuona kitu, nikasema labda macho yangu yamezeeka."

Halafu akaninyooshea mkono nimsaidie kuinuka.

Tumepatana, namshukuru Mungu. Baada ya mavuno ng'ombe wa Barisa walikuja kwenye mabua kama kawaida, na yeye mwenyewe siku hizi hunitania, akinikuta njiani huniuliza wageni hawajambo. Mimi naapa mbele yenu, ujumbe wa sauti sitatuma tena maishani, nikiwa na neno napanda baiskeli nakwenda mpaka mlangoni kwa mtu, aone uso wangu ninaposema.

Lakini nikipita kwao asubuhi na wenzangu wawili watatu, majembe mabegani, tunakwenda kulima tu, mkewe akiwa anakamua ng'ombe namwona mikono inasimama kidogo. Anatuhesabu. Kisha anaitikia salamu, anaendelea kukamua.

Hapo kabla hakuwa akituhesabu.