Wimbo wa Bi Rehema

Mwanangu, naikumbuka alasiri moja ya mwaka ule Vita Vikuu vilipokwisha, na laiti ningeweza kuisahau. Lakini umeniambia wataka kutunga nyimbo ujulikane, basi keti nikuhadithie.

Jirani yetu pale Kibokoni, Mombasa, alikuwa Bi Rehema, mjane. Mwanawe wa pekee, Swaleh, alichukuliwa jeshini akapelekwa kupigana Bama, ng'ambo ya Bara Hindi. Bi Rehema hakujua kuandika ila alijua kutunga. Mashairi yalimtoka huku akipepeta mchele. Siku moja aliniita mimi, niliyekuwa na hati nzuri ya skuli, nimwandikie Swaleh barua. Barua yenyewe ilikuwa wimbo: beti saba za mama anayemwomba mwanawe arudi, na katika ubeti wa mwisho, kama ilivyo desturi ya watungaji wetu, alitia jina lake. Niliandika machozi yakinilenga. Nilipofika nyumbani nikajiandikia nakala yangu.

Haukupita muda, akaja mfanyabiashara akitafuta nyimbo za kutia katika sahani za santuri. Nikampelekea ule.

"Wa mama huu," akasema. "Nani atanunua? Lete wa mapenzi."

Haikunichukua hata kutwa. Palipokuwa na neno "mwanangu" nikatia "mahabubu", na palipokuwa na jina la Bi Rehema nikatia langu. Nilijiambia kuwa namsitiri, maana mwanamke wa heshima vipi jina lake litajwe mikahawani? Huo ndio uongo niliojipikia mwenyewe, nikaula nikashiba.

Sahani ikapigwa kila mkahawa mpaka Makupa. Vijana wakaniita fundi. Bi Rehema alikuwa hatoki, na nyumba yake ilikuwa ndani kabisa ya uchochoro, hakuusikia.

Swaleh akarudi salama. Barua ile haikumfikia, ila wimbo wa santuri aliusikia tangu aliposhuka bandarini. Alasiri ya karamu ya kumpokea, wanaume tulikaa barazani, wanawake ndani. Bi Rehema akasimama nyuma ya mlango, akaanza kumwimbia mwanawe. Hata ubeti mmoja hakumaliza, wanawake wakaangua kicheko.

"Bi Rehema, waukosea! Si mwanangu, ni mahabubu!"

"Muacheni, santuri yake imekwama!"

Swaleh uso ulimwiva kwa haya. Akaita, "Mama, basi. Huo ni wimbo wa santuri, na mwenyewe yupo hapa."

Wote wakanigeukia. "Haya fundi, muonyeshe!"

Maneno matatu yangetosha: wimbo ni wake. Nikakohoa, nikaimba. Niliziimba beti zote saba, na katika wa mwisho nikalitaja jina langu. Makofi yakalia, na aliyepiga kwa nguvu zaidi alikuwa Swaleh.

Asubuhi yake nikamwendea. "Shikamoo, bi mkubwa." Hakuitikia. Alikuwa akisuka ukili wa mkeka, na hakuinua macho.

"Wimbo chukua," akasema. "Nikitaka nitatunga mwengine. Lakini jana mwanangu alinionea haya mbele ya watu, nawe ulikuwa wajua. Mimi usiniamkie tena."

Nikaihama Mombasa. Tanga, Unguja, Kisumu, kila nilikoteremka wimbo ulikuwa umenitangulia, na watu wakinikirimu kwa ajili yake. Nimetunga nyingi zangu mwenyewe tangu hapo, hakuna aziulizaye. Niliporudi, Bi Rehema alikuwa ameshazikwa. Swaleh alinikaribisha chai. "Marehemu mama," akaniambia, "wimbo wako hakuusahau. Hata alipokuwa mgonjwa akiuimba, na akiukosea vile vile."

Nikanywa chai yake, nikaaga.

Mwanangu, akikusaidia mtu hata kwa neno moja, mtaje siku ile ile, kabla hujapigiwa makofi. Ukishapigiwa makofi ulimi hupata uzito, nami naujua uzito huo. Na kama umeshanyamaza, sema ingawa umechelewa, maadamu uliyemdhulumu angali na masikio ya kukusikia. Usinitazame hivyo. Najua Swaleh yu hai, na nyumba yake naijua.

Mungu akupe sauti nzuri, na akupe moyo wa kusema "huu si wangu" mbele ya umati. Na umaarufu nilioupata mimi, akuepushe nao. Amin.