Kidude cha Ndani ya Kiti

Watu walimwita Taratibu, na jina hilo halikumsingizia. Miaka yote aliyoendesha teksi, hata baiskeli ya muuza mikate ilimpita. "Mwenda pole hajikwai," ndilo lilikuwa jibu lake, na kweli hakuwahi kujikwaa, ingawa abiria wake walichelewa kila walikokwenda. Sasa gari lenyewe limekufa. Injini imepasuka, bodi imeliwa na kutu, na asubuhi hiyo alisimama kwenye uwanja wa vyuma chakavu akitazama mafundi wakilinyonyoa kama kuku.

"Mzee, chukua unachotaka kabla hatujalikata," mwenye uwanja akamwambia. "Redio? Usukani?"

"Nataka kile kinacholia."

"Honi?"

"Honi ya nini mimi! Kile cha mkanda."

Hapa ngoja nikueleze, usije ukamwona mzee wa watu amerukwa na akili. Marehemu mkewe alikuwa hafungi mkanda. Ng'o! "Mimi si mbuzi wa kufungwa kamba," alikuwa akisema, anakaa kiti cha mbele, anapakata mkoba wake, na gari linaanza: ti! ti! ti! "Haya, mama mkwe ameshaanza," anasema. Wanajibizana hivyo njia nzima, gari linalia, mke analigombeza, na Taratibu katikati yao anacheka mpaka anakosa gia. Wiki ile alipozikwa, gari likanyamaza. Mkanda haukufungwa, kiti kipo, na gari kimya. Taratibu akaona limeharibika. Akalipeleka kwa fundi wa umeme wa magari, na fundi akamshangaa.

"Wenzako wananiomba niizime kengele ya mkanda, wewe unataka ilie?"

"Nataka ilie."

Fundi akafungua mlango wa mbele ili akae apime. Taratibu akamdaka mkono. Kiti kile hakikaliwi! Fundi akasema basi, nenda nalo hivyohivyo, mimi sipigi ramli. Na hivyo ndivyo alivyokwenda nalo miaka yote iliyofuata. Abiria akitaka kukaa mbele, anaambiwa kiti kibovu. Hata shemeji yake, mdogo wa marehemu, alipokuja kumjulia hali akashika mlango wa mbele, aliambiwa, "Panda nyuma, shemeji." Akapanda nyuma, mkoba mapajani, hakusema neno mpaka stendi. Tangu siku hiyo hakurudi tena, na Taratibu hakumpigia kumuuliza kulikoni.

Basi pale uwanjani, kwa kuwa sauti ile siku zote aliisikia kama inatoka upande wa mkewe, alikichana kitambaa cha kiti cha mbele kwa kisu. Juu ya sponji akakuta kidude ambacho hajawahi kukiona: plastiki nyembamba kama bahasha, mistari myeusi ndani yake, waya mbili na plagi nyeupe mkiani. Akakikunja ndani ya shati kama mwizi.

Kuuliza si ujinga. Akaenda kwa Mama Redio, mwanamke anayetengeneza redio na simu kwenye kibanda kando ya soko, miwani yake imefungwa kwa uzi. Mama Redio alikigeuza, akakinusa, akakiinua kwenye mwanga.

"Umekitoa wapi?"

"Kwenye gari langu. Nataka ukilize."

"Nikilize?"

"Kilikuwa kinalia. Kilikoma. Nataka nikiweke nyumbani kiwe kinalia."

Mama Redio hakuuliza zaidi. Mteja ana mambo yake. Akakiunga na betri. Kimya. Akageuza nyaya. Kimya. "Mzee wangu, hiki hakina spika wala kengele. Kitalia kwa mdomo upi?" Akaweka mita yake, ile inayopiga kelele umeme ukipata njia. Mita ikanyamaza pia.

"Kimekufa hiki," akasema.

"Usiniambie kimekufa." Taratibu alisema kwa ukali hata yeye mwenyewe akashtuka. "Samahani, mama. Jaribu tena."

Mama Redio akashusha pumzi, akajimiminia chai, na kwa kuwa meza ilijaa makorokoro, akaitua chupa ya chai palipokuwa na nafasi, yaani juu ya kidude. Mita ikalia: tiiii!

"Hicho!" Taratibu akaruka. "Ndicho! Si nilikwambia?"

"Tulia. Kinacholia ni mita yangu." Akainua chupa, kimya. Akaiweka, tiiii. Akaiondoa, akakandamiza kwa kiganja, ikalia tena. Akakaa akikitazama. "Kilikuwa ndani ya kiti?"

"Cha mbele. Cha abiria."

"Basi nimekijua. Hiki hakilii, mzee. Kazi yake ni kujua kama mtu amekaa. Mtu akikaa bila mkanda, chenyewe kinaliambia gari, gari linapiga kelele. Kiti kikiwa kitupu, gari limlilie nani?" Akanywa chai. "Lilinyamaza lini?"

"Mke wangu alipofariki."

"Na baada yake akakaa nani?"

Taratibu akawapitisha akilini wote: abiria, fundi wa umeme, shemeji na mkoba wake mapajani.

"Hakuna," akasema.

"Basi gari lako lilikuwa zima," Mama Redio akasema polepole, halafu akaanza kutafuta bisibisi ambayo hakuwa na kazi nayo.

Kabla hajaondoka alimuungia kidude kile taa ndogo na betri, asije akasema ameambiwa maneno matupu. Nyumbani Taratibu akakilaza chini ya mto wa kiti cha mkewe, kiti kinachoelekea mlangoni, ambacho hakuna aliyekikalia tangu mwenyewe aondoke. Akakandamiza mto kwa mkono. Taa ikawaka. Akaondoa, ikazimika. Akafanya hivyo tena na tena mpaka akaona aibu, japo nyumba haikuwa na mtu wa kumcheka.

Mwishowe akakaa yeye. Taa ikawaka vizuri, na kwa mara ya kwanza akakitazama chumba kutoka pale. Aliona mlango uliofungwa. Pembeni ya mlango aliona kiti chake mwenyewe, kitupu. Lo! Kumbe hiki ndicho alichokuwa akikitazama mwenzake jioni zote hizo, chakula kinapoa, dereva wa watu yuko barabarani. "Leo uwahi kurudi basi," alikuwa akimwambia, naye akimjibu kwa mzaha, mwenda pole hajikwai. Taratibu akalia, tena kwa sauti, kama ambavyo hakulia siku ya mazishi.

Alipofuta uso akachukua simu.

"Shemeji?" Sauti ya upande wa pili ilikuwa na hofu. "Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekupigia tu."

"Wewe? Tu?"

"Nilikuwa nasema, uje unitembelee."

"Nikija nitakaa wapi? Maana mara ya mwisho ulinipakia nyuma kama gunia la mkaa. Yule alikuwa dada yangu, shemeji. Na mimi nilifiwa."

"Nisamehe. Utakaa kwenye kiti chake."

Kisha akamsikia anapenga kamasi.

"Jumamosi," shemeji akasema. "Nitakuja Jumamosi."

Simu ikakatika. Giza liliingia na njaa ilikuwa inamuuma, lakini Taratibu hakuinuka kitini pale. Aliogopa taa itazimika.