Asali ya Tende kwa Kuku wa Barafu

Mwanamize alikuwa mke wa mjomba wangu Soud, karani wa Bandari ya Jeddah. Mwaka wa sabini na saba meli zilikuwa zikingoja zamu baharini majuma kwa majuma, zimesheheni saruji, magari na kuku wa barafu. Mjomba aliondoka alfajiri na kurudi isha imeshaswaliwa. Mwanamize alibaki peke yake katika vyumba viwili vya mtaa wa Al-Mahjar. Majirani walikuwa watu wema, lakini Kiswahili hawakukijua. Aliniambia kwamba alikuwa ameanza kuisemesha birika.

Kwa hiyo bibi yangu Wahida, mama mkwe wake, alipokuja kutoka Riyadh kutembea siku kumi, Mwanamize alitaka jambo moja tu: asirudi. Kumwambia hakuweza. Mzee atakaa wapi ni shauri la wanawe, si la mkaza mwana, na mtoto mkubwa, Mselem, alikuwa na nyumba nzuri Riyadh na mpishi wake. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya Jumamosi jioni. Mwanamize aliloweza ni kupika.

Alichagua kuku wa kupaka, kama wa Unguja. Nazi hakupata. Alizunguka masoko ya Balad asubuhi nzima, akarudi na chupa ya asali ya tende, nyeusi, nzito. Akaichanganya na ukwaju, pilipili na kitunguu thomu, akamweka kuku juu ya jiko la mkaa barazani, akaanza kumpaka tangu mwanzo, kama tui linavyopakwa. Hajamaliza kumgeuza mara ya pili, ngozi imekuwa makaa. Alipomkata, ndani damu.

Bibi Wahida alikuja akasimama mlangoni.

"Huyu umemchoma au umempaka masizi?"

"Nisamehe, mama."

"Sikwambii uombe msamaha. Nauliza. Tui tunalipaka toka kuku mbichi, haliungui. Hii kwa nini iungue?"

Mwanamize akafikiri. Aliwahi kusomea ualimu mwaka mmoja kabla ya mapinduzi, na swali kama lile lilikuwa halijamfikia siku nyingi. "Sukari, mama. Sukari inaungua kabla nyama haijaiva."

"Basi ipakwe mwisho."

Ijumaa wakajaribu tena. Safari hii kuku aliiva kwanza, lakini asali haikushika. Iliteleza, ikadondokea makaa, baraza ikajaa moshi, jirani wa juu akafunga dirisha kwa kishindo. Bibi Wahida alimminya kuku paja kwa kidole. Maji yakatoka.

"Kuku gani huyu? Ametoka kuogelea?"

"Wa barafu, mama. Anatoka Ufaransa."

"Loo! Kaja na bahari yake." Akacheka hadi akatafuta pa kukaa. Mwanamize alikuwa hajamsikia akicheka. Riyadh, Soud alikuwa amemwambia, mama haonekani jikoni. Anakaa sebuleni na tasbihi yake, anaulizwa kama anataka chai.

Jumamosi asubuhi walimfuta kuku kwa kitambaa, ndani na nje, wakamfunga miguu kwa uzi na kumtundika mbele ya mashine ya ubaridi iliyokuwa dirishani. Bibi akavuta kiti, akakaa kumtazama. Kila baada ya muda alinyoosha mkono kugusa ngozi. Jikoni Mwanamize aliichemsha ile asali na ukwaju wake mpaka ikawa nzito, ikaganda mgongoni mwa kijiko. Sanduku la bibi lilikuwa limeshafungwa, liko ukumbini. Mwanamize alilipita mara tatu bila kulitazama.

Soud alifika alasiri na gari la kuazima. Akalipakia sanduku garini kwanza, kisha akarudi barazani. Mama yake alikuwa amechutama mbele ya jiko, vidole vinang'aa asali.

"Mama, yalla. Ndege haingoji."

"Nyamaza kwanza. Mwanamize, mgeuze. Taratibu, asivuje mafuta."

Walipaka mara moja, wakangoja, wakapaka ya pili. Asali ilishika. Ilitoa mapovu madogo, ikatulia, ikawa na rangi ya mti uliopigwa vanishi. Bibi Wahida alimega bawa, akapuliza, akatia kinywani.

"Pilipili imekaa," alisema bibi. "Utamu umezidi."

"Mama, saa hii foleni ya uwanja wa ndege..." alisema Soud.

"Unanisikia, mwanangu?" Alikuwa anasema na Mwanamize, bado anatafuna, macho yako kwenye kuku. "Jumanne tutie ndimu. Na asali tupunguze nusu, tuone kama itashika vilevile."

Mwanamize alisema, "Haya, mama." Kisha akajifuta mikono, akamgeukia mumewe na kumwambia kwa sauti ya chini akalishushe sanduku.