Chumvi Bondeni

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msicheke mpaka nimalize. Juzi nilimwona mjukuu wangu kasimama ukingoni mwa bonde la mpunga, anaogopa kuingia kwa kuwa yumo katika siku zake. Nikajiona mimi.

Nilivunja ungo vyama vingi vilipoanza, nikaficha. Mama alikwisha kutuonya: mwenye hedhi akikanyaga bonde, mpunga hufa. Nami nikaingia kupalilia, maana kubaki nje ni kujitangaza. Siku ya tatu maji ya bamvua, yale ya kujaa sana, yakavunja tuta la kuzuia bahari, nayo ikaingia. Mpunga ukaungua kwa chumvi, bonde likanuka kama pweza aliyeoza.

"Hii nuksi ya Mize na chama chake, wallahi!" mama alisema. "Asinikanyagie mlango."

Bi Mize alikuwa jirani yetu, ila wa chama kingine. Hakusalimiwa tena. Binti yake alipofariki, hakwenda mwanamke hata mmoja kumsaidia kuosha maiti. Mimi niliyejiona muuaji wa mpunga nilinyamaza.

Leo najua bahari inapanda, haimuulizi mtu hedhi wala chama. Bi Mize kafa sijamwambia.

Basi juzi ile nikawaamuru wa nyumbani kwangu: "Wanawake wote bondeni, wenye hedhi watangulie. Tuta lipandishwe kabla ya bamvua."