Mteremko wa Shume

Kwetu ni tambarare. Mtu akitaka kukimbia huelekea popote, na goti halijui tofauti ya kwenda na kurudi. Nilipohamishiwa Shume kufundisha, miaka michache baada ya Azimio la Arusha, hakuna aliyeniambia kwamba kinachomvunja mkimbiaji milimani ni kushuka. Kupanda kunachosha tu, na mtu aliyechoka hulala akaamka mzima.

Nilikimbia kwa sababu moja. Mke wangu alifariki mwaka wa pili wa ndoa yetu. Baada ya mazishi niliomba uhamisho wa mbali, nao wakanipa wa mbali kweli. Nyumba ya mwalimu ilikuwa na vyumba viwili na mtu mmoja. Nikikimbia jioni mpaka miguu igome, nilipata usingizi. Nisipokimbia, nilikaa macho nikisikiliza umande ukidondoka kutoka kwenye bati. Sikuwa mwanamichezo wala sikuwa na shindano lolote. Nilitaka kulala tu.

Watu wa pale hawakujua kwamba nimefiwa na mke. Nilipofika waliniuliza mama yuko wapi, nikajibu yuko kwetu, na mazungumzo yakahamia kwenye viazi. Ningeweza kusahihisha siku ya pili. Lakini siku ya pili waliniuliza nitamleta lini, na wakati huo kila mmoja alikuwa akitabasamu.

Jioni ya kwanza niliyokimbia, wanawake waliokuwa wakipalilia waliacha majembe wakasimama. Mmoja alijishika kichwa. Mwanamume upande wa pili wa bonde alinipigia kelele kwa Kishambaa, nami kwa kuwa Kishambaa changu wakati huo kilikuwa cha salamu tu, nikampungia mkono nikapita. Niliporudi nilikuta kundi la watu limekaa kando ya njia, wakinitazama usoni. Niliwaamkia, nikaingia ndani nikafunga mlango.

Haukupita muda akaja mwenyekiti wa kijiji, mzee mrefu aliyevaa koti zito la kijeshi hata jua likiwaka. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akakaa.

"Mwalimu, huku mtu mzima hakimbii njiani bila msiba," alisema. "Anayekimbia kabeba habari ya kifo. Watu wameacha kazi wanangoja uwaambie ni nani."

Nikamwambia nilikuwa nafanya mazoezi.

"Mazoezi ya nini? Kuna vita?"

"Ya mwili, mzee."

Alinitazama kuanzia juu mpaka chini. "Mwili wako una kasoro gani?"

Tulikubaliana kwamba penye nyumba na mashamba nitatembea kama watu, na nikishaingia msitu wa serikali nikimbie nitakavyo. "Huko utawatisha mbega tu," alisema, akaondoka akicheka. Ilikuwa sheria ya haki, nami niliichukia. Nilimchukia na yeye kidogo, kwa sababu alikuwa amesema kweli bila kujua: kifo nilikuwa nacho, nikipita nacho mbele za watu kila jioni.

Basi nikawa mtu wa msituni. Nilikimbia kati ya misonobari iliyopandwa kwa mistari, wapasua mbao wakiwa wameshakwenda zao, ukungu ukiingia mdomoni kama maji ya baridi. Kwa juma zima ningeweza nisitamke neno lisilo la darasani au la salamu. Upweke wa mjini unaweza kuukasirikia, kwa kuwa watu wapo na hawakutaki. Ule wa Shume haukuwa na wa kumlaumu.

Kisha raba zangu zikaisha soli. Duka la ushirika halikuwa na raba, na sabuni yenyewe ilikuja kwa bahati. Nikashuka Mlalo siku ya soko, fundi viatu akanipigia soli za tairi la lori. "Hizi utazikwa nazo," alisema kwa fahari. Zilikuwa nzito, ngumu, hazipindi. Katika kupanda sikuona tofauti. Katika kushuka, kila hatua ilinigonga chini ya pia ya goti la kulia kama mtu anayebisha hodi na hataki kuondoka.

Nilifanya wanachofanya wapumbavu wote wanaokimbia. Maumivu yalipungua mwili ukipata moto, nikasema yamepona. Asubuhi yalirudi, nikasema ni baridi. Nilifunga goti kwa kitambaa, nikaongeza mwendo kwenye mteremko ili niumalize upesi, na kuongeza mwendo ndiko kulikonimaliza mimi. Jioni moja goti lilikataa katikati ya msitu. Nilirudi kwa fimbo, limevimba kama papai.

Mganga wa zahanati alilibonyeza kwa kidole gumba. "Tangu lini?"

"Juzi."

"Goti la juzi haliwi hivi, mwalimu. Mficha maradhi, kilio humfichua." Aliinua kiatu changu, akakipima mkononi. "Na hiki, bora ungempa ng'ombe."

Akanikataza kukimbia mpaka niweze kuchuchumaa na kuinuka bila kushika ukuta. Baadaye, uvimbe ulipopungua, alinipa kazi ya kupanda na kushuka kizingiti cha mlango wangu, polepole, mguu mmoja baada ya mwingine, ili mapaja yapate nguvu ya kulibebea goti mzigo. Na alinipa masharti ninayoyafuata hadi leo nikiwa na mvi: nianze kwa kutembea mpaka jasho lianze, mlima niukimbie kupanda lakini kushuka nitembee, na nikilazimika kushuka mbio, hatua ziwe fupi, magoti yamelegea kidogo, kama mtu aliyejitwika maji. Nikikimbia leo, kesho nipumzike. Hilo la kupumzika lilinishinda kuliko yote. Yeye alidhani ni ukaidi.

Sikulala majuma yale. Nilikaa na mguu wangu juu ya kigoda, taa ikavuta mafuta mpaka yakaisha, na mke wangu akawa ndani ya nyumba kuliko alivyowahi kuwa. Nilikumbuka hata vitu visivyo na maana, jinsi alivyochambua mchele akiwa amesimama. Jumamosi, watu wote walipotoka kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, kuchimba matuta ya kuzuia udongo, mimi nilibaki kizingitini, nikipanda, nikishuka, nikiwasikia wakiimba upande wa pili wa kilima. Niliogopa. Nilijua nisipopata kukimbia tena nitaharibikiwa, na sikujua ni kwa namna gani.

Jirani yangu alikuwa mama wa Kiislamu mwenye mti wa matunda damu mpakani mwetu. Alizoea kuniletea ndizi zilizopikwa na maharage, akaweka bakuli na kwenda zake. Jioni moja, katikati ya juma, hakwenda. Alisimama akilitazama goti.

"Mwalimu," alisema, "mguu mbovu hivi, na mama haji kukuuguza? Huyo ni mke wa namna gani?"

Damu ilinipanda. Mimi ningeweza kusemwa lolote, mjinga, mwenda wazimu wa msituni, nimezoea. Lakini yeye asemwe vibaya ugenini, na watu wasiowahi kumwona?

"Alikufa," nilisema. "Angekuwa hai, angekuja kwa miguu."

Yule mama alisema, "Inna lillahi," kwa sauti ndogo. Akaishusha kanga kichwani mpaka kwenye nyusi, akatoka bila kuaga. Nikajua nimemfukuza mtu pekee aliyekuwa akivuka mpaka kuja kwangu. Chakula kile sikukila.

Alfajiri nilisikia kitu kikitupwa uani. Nikajikokota mpaka dirishani. Ilikuwa kuni. Wanawake walikuwa wakitua mizigo, mmoja mmoja, wengine wana unga ndani ya vikapu, wengine maji. Jirani yangu alikuwa ameshainjika sufuria kwenye mafiga matatu. Hakuna aliyegonga mlango. Wanaume walikuja nyuma yao, wa msikitini na wa kanisani, wakawasha moto wao pembeni wakakaa kuuzunguka kwenye magogo, na jembe halikuonekana mkononi mwa mtu ingawa ilikuwa siku ya kazi.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la barazani, mguu mbele. Niliwaamkia wote. Kwetu mfiwa hujua la kusema baada ya hapo, lakini kwetu maiti huwa bado iko ndani.

Mwenyekiti aliinuka kwenye moto, akaja akasimama mbele yangu, akavua kofia.

"Tumesikia jana," alisema. "Alizikwa lini?"

Nikamwambia. Ulikuwa umepita mwaka na zaidi. Nikangoja aulize kwa nini nilinyamaza.

"Basi tumechelewa, mwalimu," alisema. "Utuwie radhi."

Nilisogea kwenye benchi, naye akakaa.