Siku Tuliyofunga Tanga Ajiambo Akiwa Botini

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika. Nilitoka Butula, kwetu ni mahindi na mihogo, na ziwa nilikuwa nimeliona kwa mbali tu. Zahanati moja ya Port Victoria ilikuwa na boti ya matanga ya kupeleka dawa na wauguzi visiwani, ikatafuta mtu wa kamba. Nahodha alinitazama nikijifuta mdomo, akasema, "Ukimaliza, njoo ushike hii. Ziwa halingoji mtu apone."

Kilichonichosha maisha yangu yote ni tanga la mbele. Ninyi mnajua injini tu, kwa hivyo nieleze. Upepo ukitoka nyuma, tulipandisha tanga pana, jepesi kama kitambaa cha mwavuli, likiwa limeviringishwa kama mkeka. Chini yake, kwenye omo, yaani pua ya boti, palikuwa na gurudumu dogo lililozungushwa kamba. Vuta huku, tanga linafunguka; vuta kinyume, linajiviringisha. Kamba nyingine mbili, moja kila upande, zilishika pembe ya tanga.

Ugumu ulikuwa kugeuza. Boti ikikata kona na upepo kuja kwa bega la pili la boti, tanga nalo lazima lihamie upande mwingine. Wenye haraka hulihamisha likiwa wazi. Likikosea, linajisokota kwenye waya wa mlingoti, na hapo hulifungui wala hulifungi. Nahodha hakutaka kusikia habari hiyo. "Funga, geuka, fungua," alisema, safari baada ya safari, mpaka mabega yangu yakayajua maneno hayo kuliko masikio.

Nahodha alipostaafu, msimamizi wa zahanati alinipa mimi usukani, na kamba akashika Were, mtu wa hapo hapo ufuoni.

Alasiri moja tulimchukua Ajiambo kisiwani. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake. Alikuja na mama mkwe wake, na muuguzi wetu tuliyemwita Sista. Katikati ya ziwa magugu yakajisokota kwenye pangaboi la injini yetu ndogo, ikazima. Bahati upepo ulikuwa nyuma yetu. Tulifungua tanga, tukaenda vizuri mpaka karibu na mawe ya nchi kavu, pale ambapo lazima ugeuke.

"Were, funga," nikasema.

Mama mkwe akasimama. "Unafunga tanga? Mtoto wetu anakufa hapa na wewe unafunga tanga?"

Sista akaniuliza polepole, "Boss, haiwezekani tugeuke tu hivi?"

"Likijisokota, Sista, upepo utatutupa kwa mawe."

Were akavuta. Boti ikapoteza mwendo, ikawa inayumba tu kama gogo. Ajiambo, aliyekuwa akilia njia nzima, akanyamaza. Nilidhani amekufa. Sikugeuka kumtazama, nilisukuma usukani, Were akahamisha kamba, akafungua tena, tanga likashika upepo kwa kishindo.

Tulifika. Gari lilikuwa tayari. Ajiambo alipona, lakini mtoto, mvulana, hakupumua. Daktari alisema alikuwa amechoka kabla hatujatoka kisiwani. Mama mkwe hakukubali, na mimi sikubishana naye; mjukuu ni wake. Kwa miaka, siku za soko, alinionyesha kwa wenzake: "Huyo ndiye aliyefunga tanga." Nilinunua samaki wangu nikaenda. Kazi ilichosha mabega, lakini maneno hayo yalichosha mahali ambapo usingizi haufiki.

Siku hizi visiwani wanakwenda na injini mbili, na ni vizuri. Boti yetu iliuzwa mwaka niliostaafu. Siku ya kuniaga, watu walikula, msimamizi akahutubia, nikawa nataka tu kwenda nyumbani Butula nikalale. Ajiambo akaja kukaa kando yangu. Hatukuwahi kuongea tangu siku ile.

"Mzee, nikuulize. Siku ile uliogopa?"

Nikamwambia, "Niliogopa sana. Uliponyamaza, nilijua umekwenda."

Akatikisa kichwa. "Hapana. Nilikuwa naangalia mkono wako kwa usukani. Haukutetemeka. Nikasema basi, huyu anajua tunakokwenda, wacha nimwachie. Ndiyo nikanyamaza."